Karatasi Iliyofungia Riwaya

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wenzako wote mnaokula wino. Sisi hatujambo. Mama yako mzima kama kengele. Mimi ni mgongo tu, umeanza uzee bila kunishirikisha. Na wewe je, mafua yamekwisha?

Kaa chini kwanza. Kifurushi ulichopokea ni riwaya yangu. Ndiyo, baba yako ameandika riwaya: miaka sita, kurasa mia mbili na kumi, juu ya Haki. Nimeitia maneno mazito. Mama yako alisoma ukurasa wa kwanza akasinzia na miwani usoni, lakini siku hiyo alikuwa amefua.

Wewe ni mhariri wa vitabu. Isome kama mhariri, si kama binti. Ila kama binti kidogo.

Samahani kwa ufungaji. Nilitumia karatasi zilizokuwa mezani na kamba ya kiatu.

Baba yako


2 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umetulia na mama hajambo. Mafua yamekwisha, nashukuru.

Nimeisoma yote. Umeniomba niwe mhariri, basi vumilia: Baba, haipumui. Haki anatembea mule ndani kama mgeni rasmi. Kila mtu anasimama, hakuna anayeongea naye. Na mapambazuko nimeyahesabu. Ni kumi na saba. Nakurudishia mswada pamoja na barua hii, na kamba yako ya kiatu.

Lakini karatasi uliyofungia! Nilikuwa naichana, jicho likanasa hapa:

"Fundi cherehani wa ghorofa ya tatu akasimama, akashika kiuno, akasema: Mwenyekiti, leo ni mara ya kumi na tatu naomba chuma cha kushikilia pale ngazini. Mwenyekiti akasema: Tutaliangalia. Fundi akauliza: Kwa macho ya nani? Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka."

Nimewasomea wenzangu ofisini. Mchapaji wetu, mtu asiyetabasamu hata akipewa likizo, alizima mashine akaja kusikiliza. Nani kaandika haya?

Mwanao


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima wa mwili. Wa moyo, nilinuna siku tatu. Nilikaa sebuleni kama niliyefiwa, mpaka mama yako akaniambia, "Nunia upande ule, nafagia hapa."

Aliyeandika ni mimi. Unajua mimi ni katibu wa kamati ya wapangaji wa jengo letu mwaka wa kumi na moja sasa. Kikaoni naandika mbio mbio yote yanayosemwa. Halafu nyumbani nayasafisha, nayatia kwenye kitabu: "Suala la ngazi lilijadiliwa." Mwenyekiti anasaini bila kusoma, kwa sababu anajua hakuna kitu. Zile rasimu nafungia vitu. Moja ilikwenda na viatu kwa mshona viatu, nyingine imeziba dirisha la choo.

Kwa hiyo unaniambia miaka sita nimeihangaikia riwaya, na kipaji changu kimeziba dirisha la choo?

Baba yako (aliyeacha kununa, karibu)


29 Machi

Baba yangu mpenzi, shikamoo tena, na nisamehe.

Ndiyo, ndicho ninachokuambia. Kabandue.

Na nikuulize: ukishasafisha, anabaki nani? Miaka kumi na moja fundi cherehani hajasema neno hata moja kwenye kitabu chenu. Atakayekisoma kesho atadhani ngazi zilikuwa zinajijadili zenyewe. Waandishi ninaofanya nao kazi wanahangaika na mambo mawili tu: wanasema nini, na wanakisemaje. Wapo wenye jambo kubwa, wakaliandika namna ambayo haimkoseshi mtu usingizi. Wewe Haki umeiandikia mapambazuko, kumbe ilikuwa imesimama mbele yako imeshika kiuno.

Kumbukumbu za kikao kilichopita si husomwa kwa sauti kabla ya ajenda? Karatasi yenyewe nakurudishia na barua hii. Safari hii usisafishe.

Mama aliniambia kwenye simu kwamba fundi aliteleza ngazini. Goti lake linaendeleaje?

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu mchokozi,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila umenipotezea kazi. Haikuwa na mshahara, lakini ilikuwa na kiti chenye mto.

Goti si zuri. Tangu alipoteleza mwezi wa kwanza, fundi anashuka kwa kukaa, ngazi moja moja, na mfuko wa nguo za wateja mapajani. Nilimkuta hivyo asubuhi ya kikao. Akaniambia, "Pita, Katibu, mimi ni gari la mizigo." Nikapita. Nilipofika chini nilikuwa nimeshaamua.

Nilisimama na ile rasimu uliyonirudishia, maana tangu Januari hatukuwa tumekaa kikao kingine. Mstari wa kwanza niliusoma mara mbili. Mwenyekiti alikuwa ameshafumba macho, kama kawaida yake wakati wa kumbukumbu. Nilipofika "Kwa macho ya nani?" chumba kilipasuka kwa kicheko, akazinduka akadhani kikao kimekwisha, akasema, "Basi, asanteni kwa kuja." Wakacheka upya.

Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Kelele zilipotulia akasema, "Katibu, soma tena pale niliposema."

Nikasoma tena.

Mwenyekiti akafoka: "Hizi si kumbukumbu, hii ni hadithi! Isafishe, au acha kalamu!" Sijui nguvu niliitoa wapi. Nikamwambia, "Mwenyekiti, na hilo naliandika." Nikaliandika mbele yake. Nimesimamishwa mpaka kikao kijacho.

Nimefurahi mpaka naona haya.

Baba yako, katibu mstaafu


6 Julai

Baba, shikamoo.

Mwezi wa tano nimekuandikia, wa sita nimekuandikia, kimya. Mama kwenye simu anasema, "Baba yako ana shughuli," halafu anacheka. Umeumwa? Wamekufukuza kwenye nyumba? Mchapaji ananiuliza kila asubuhi, nami nimeanza kulala vibaya. Kama ushauri wangu umewaletea matatizo, niambie. Nitakuja mwenyewe kuomba radhi.

Mwanao


15 Julai

Mwanangu, mama yangu mdogo,

Marahaba, na usilale vibaya tena. Sisi ni wazima, wote, hata mgongo.

Nilitaka nikuandikie jambo likiwa limekamilika, ndiyo maana nikakaa kimya. Kikao cha mwezi wa tano watu walikuja na viti vyao. Waliokuwa hawajawahi kuhudhuria walikaa madirishani. Wote wakataka kumbukumbu zisomwe kama zilivyosemwa, tena na katibu yule yule. Nimerudishiwa kiti, na mto. Kufikia mwezi wa sita watoto wa jengo walikuwa wanamwamkia mwenyekiti: "Shikamoo, Mzee Tutaliangalia!"

Jumamosi moja akagonga mlango wangu, peke yake, na futi ya kupimia mkononi. Hakukaa. Akauliza, "Katibu, kile kitabu wajukuu zangu watakuja kukisoma?"

Nikamwambia, "Nadhani watakisoma."

"Basi andika kwamba nilikuja kupima."

"Nitaandika ukishapima, Mwenyekiti."

Tukateremka, yeye ameshika ncha moja ya futi, mimi nyingine, tukipishana hesabu kila ghorofa. Mchomea vyuma alimaliza jana.

Leo asubuhi fundi cherehani ameshuka kwa miguu yake, mfuko begani, mkono kwenye chuma. Sote tulitoka milangoni. Alipofika chini akageuka, akapanda tena mpaka juu, akashuka tena. Mwenyekiti akauliza, "Sasa umesahau nini huko juu?" Akajibu, "Sikusahau kitu. Safari ya kwanza ilikuwa yangu, ya pili ni yako, uione vizuri." Mwenyekiti akacheka. Nimeandika kwamba alicheka.

Riwaya nayo nimeipatia kazi. Migongo ya kurasa zake ni myeupe kabisa, kurasa mia mbili na kumi, zitanitosha vikao vya miaka miwili. Geuza karatasi hii uliyoshika: utakuta pambazuko la tisa. Halina kosa lolote. Lipite tu.

Baba yako, katibu