Taa ya Nje Ndiyo ya Kwanza Kuzimwa

Kasulo, Kolwezi
Jumatano

Mdogo wangu mpendwa Sadrack,

Nakusalimu kwa upendo wote wa dada. Habari za mwili, habari za kazi, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepoa? Sisi huku ni wazima. Tania amefaulu darasani na anakuulizia kila siku. Barua hii namkabidhi Kisimba, yule wa moto, anayepeleka watu machimboni kwa pikipiki, kwa kuwa simu yako ilizama kwenye maji ya shimo na sina njia nyingine ya kukufikia. Nataka urudi nyumbani. Natanguliza hilo usije ukasoma barua nzima ukilitafuta. Ulipotaka kuchimba kobalti chini ya jiko langu nilikufukuza. Shimo chini ya jiko bado silitaki, lakini wewe nakutaka.

Sasa nikueleze ninayoishi nayo. Shemeji yako Ntambwe amenichosha. Unajua kwamba akitoka karakana hukaa mbele ya kompyuta na ndege zake. Ulipoondoka alikuwa anaanza ile ya injini mbili, ya simulateur, ule mchezo wa urubani wa kompyuta, ambayo watu wa nchi nyingi watairusha wakiwa wamekaa kwenye viti vyao. Rafiki yake Stany wa Lubumbashi anatengeneza umbo na rangi. Ntambwe amejitwalia umeme. Nilidhani umeme wa ndege isiyokuwepo ni kazi ndogo. Mdogo wangu, haina mwisho. Kila waya, kila fyuzi, betri inayochoka kwa uzee, jenereta inayokufa angani. Anasema ndege za wenzake ni uongo, unabonyeza swichi taa zinawaka, basi. Ya kwake ukiacha taa zinawaka ukaenda kula, ukirudi injini haiwaki. Wachache waliopewa waijaribu wanaandika kulalamika kwamba ndege imekufa, na yeye anacheka kwa furaha. Mtu anatengeneza ndege inayokataa kuruka, halafu anajisifu.

Kisha kukawa na umeme wa uwanjani, ule ambao ndege huchomekewa ikiwa imesimama. Hakujua uwe na nguvu gani, kwa hiyo akapima wa plagi yetu ya sebuleni, asubuhi hadi jioni, akaviingiza vipimo vyote kwenye ndege yake. Bwawa la umeme la Nzilo si mbali, lakini umeme wa mtaa wetu unaujua mwenyewe. Ikifika saa ya bukari, akina mama wakiwasha resho zao za umeme wasonge ugali, taa zinakuwa nyekundu. Basi Mbelgiji mmoja akaandika kwa hasira kwamba kila jioni, akiwa ameegesha ndege yake Brussels, mita zote zinafifia. Nilimwambia Ntambwe kwamba anamweka Mbelgiji wa watu gizani kwa sababu jirani yetu Mama Mamie anasonga bukari. Alifikiri, kisha akasema, “Lakini mama, njo vile iko kweli.” Ilibidi Stany aje juu ndipo akabadilisha.

Kilichonimaliza ni pale alipoiingiza ndege nyumbani mwangu. Jenereta ikifa angani, inabidi vitu vizimwe kimoja kimoja ili betri ifike mbali. Ntambwe alitaka kuona jambo hilo kwa betri ya kweli, akachukua zetu za sola. Alifunga kisanduku ukutani kinachofuata programu ileile ya ndege. Umeme wa mtaa ukikatika na betri zikaanza kushuka, kisanduku kinazima kwanza taa kubwa ya nje, halafu televisheni, halafu taa za vyumbani. Friza la samaki wangu wa kuuza liliwekwa la mwisho, na hapo nilishukuru. Nilipomuuliza kwa nini taa ya nje itangulie, alinijibu kama mwalimu kwamba lampe ya inje inakula sana na haisaidie ndege kubakia mu hewa. Nilimwambia nyumba yangu haina safari ya hewani. Hakunisikia.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika mapema. Jumapili asubuhi nilikuta samaki wote wamelegea, maji mekundu sakafuni. Nilipiga kelele mpaka Mama Mamie akaja, na mbele yake nikamwambia Ntambwe kwamba ndege yake imekula biashara yangu. Tangu siku hiyo anakagua programu mstari kwa mstari, kwa sababu kisanduku kinasema friza lilipata umeme wakati wote, na samaki wanasema jingine. Amemwambia Stany wasiitoe ndege mpaka kosa lipatikane, na wanaoingoja wanamtukana. Anasema, “Kama hapa imeua samaki, kule itaua rubani.” Rubani gani, Sadrack? Mtu aliyekaa sebuleni kwake na kikombe cha kahawa. Lakini uso wake umekonda, na chakula anakigusagusa tu.

Hapa soma polepole, na Kisimba asione. Programu haina kosa. Ni mimi.

Kisimba aliniambia kwamba Jumamosi ya kabla ya hiyo alikuleta. Ulifika hadi kona ya Mama Mamie, ukakuta kwetu giza tupu, ukamwambia yeye kwamba dada bado ana hasira, kisha ukageuka. Sikuwa na hasira, mdogo wangu. Umeme ulikuwa umekatika, na kile kisanduku kilikuwa kimeizima taa ya nje. Sisi tulikuwa ndani, tunakula. Aliponieleza nililia mbele yake na sikuona haya.

Kwa hiyo Jumamosi hii iliyopita, nikitumaini utakuja tena, umeme ulipokatika nilingoja Ntambwe aingie kuoga, nikabadilisha waya mbili kwenye kisanduku. Wa taa nikauweka mahali pa friza, wa friza mahali pa taa. Nilijua samaki watakufa mara ya pili. Taa iliwaka mpaka kukakucha, hukuja, na nikarudisha waya kabla hajaamka. Kisha, kwa uchungu wa kukukosa, nikamsingizia mume wangu mbele ya jirani.

Kumwambia nimeshindwa. Kila nikimwona ameinamia kompyuta akitafuta kosa ambalo halipo, namwekea chai pembeni na kurudi jikoni. Nimeamua nitamwambia siku utakayoingia, ukiwa umekaa katikati yetu. Kwa hiyo usikawie, mtu wa watu anateseka.

Tania anakusalimu. Ntambwe naye anakusalimu na anauliza kama huko chini mnatumia taa za betri gani. Mama Mamie anasema ule mkia wa ng'ombe aliokuahidi bado ni wako. Ukifika kwenye kona yake pita kushoto, kulia wamefungua shimo jipya.

Sijanunua samaki wengine. Ntambwe nimemwambia siamini kisanduku chake. Friza ni tupu, na waya wa taa ya nje nimekwisha kuuchomeka mahali pa friza. Jumamosi betri yote ni yako.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Domitille Kanku