Mama Amemshinda Bwana Pohle

Leipzig,
Jumatatu, 30 Machi.

Mpendwa Mjomba Eckart,

Shikamoo, mjomba. Hujambo huko Valdivia, na mkaza mjomba Marisol hajambo? Kifua chake kimetulia? Nyinyi ndio mnaanza kutoa makoti kabatini, sisi tunayarudisha. Hapa tu wazima, na mama ndiye mzima kuliko sote. Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu ungenikatiza kwa kicheko.

Theluji imekwisha, mjomba. Juzi Jumamosi jua liliupiga ua wetu tangu asubuhi, maua madogo ya zambarau yamejaa chini ya ukuta, na watu wakashuka na viti, chupa za kahawa na keki ya jibini kama wafungwa waliofunguliwa. Mimi nilivua soksi nikaanika nyayo.

Huku kwetu Jumamosi ya kwanza kavu ni siku ya mpira wa meza. Ile meza ya saruji inafagiwa, wapangaji wanachuana, na anayeshindwa fainali anakusanya peke yake majani yote yaliyooza uani. Miaka sita mfululizo mshindi alikuwa Bwana Pohle wa ghorofa ya tatu, na reki ilikuwa ya mama.

Mwaka huu hakuna aliyemtarajia mama. Tangu alipoteleza kwenye barafu mwezi Novemba akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, hata kopo la jamu lilimshinda kufungua. Wewe mwenyewe uliniandikia Januari kwamba wakati umefika wa kumtafutia nafasi kwenye makao ya wazee, nami, nisikufiche, nilikubali. Fomu niliichukua. Jumamosi hiyo ilikuwa mkobani mwangu, nimepanga kumpa baada ya keki.

Basi mama akashuka, akavua koti, akashika kibao kwa mkono wa kushoto. Nilidhani anafanya mzaha. Kabla sijamaliza kikombe cha kwanza alikuwa amekwishawatoa wawili, na wenye viti wakaanza kuvisogeza karibu na meza.

Bwana Pohle alikuja fainali akitabasamu. “Bi Roswitha, reki yako nimeshakutolea stoo,” akamwambia.

“Iache hapo hapo upande wako,” mama akajibu, “usije ukapata taabu ya kuitafuta.”

Seti ya kwanza Pohle alishinda kwa urahisi, kumi na moja kwa sita. Ya pili ilikwenda kwa mama, kwa pointi mbili tu. Ya tatu wakafika kumi kwa kumi. Mama akautia mkono wake wa kulia mfukoni. Akapata moja. Kisha akaanzisha mpira mfupi wa kukata. Ukadunda, ukageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na kibao cha Pohle kikapiga hewa.

Walivyoshangilia, mjomba! Bi Thiele wa ghorofa ya chini alimwaga kahawa yake yote. Pohle, ambaye ni muungwana pamoja na kelele zake, aliinua reki mwenyewe, akauliza tangu lini mama anatumia mkono wa kushoto.

“Tangu Januari,” mama akasema. “Nacheza na mlango wa kabati. Ule haunigawii pointi kama wewe.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Tangu mwezi huo Bi Thiele alikuwa akinilalamikia vishindo juu ya dari yake, nami nikamlaumu fundi wa mabomba.

Sikuweza kumficha siku kama hiyo. Nilitoa fomu nikampa. Aliisoma yote, taratibu, miwani puani. Akauliza kama hilo lilikuwa wazo lako. Nikasema letu sote wawili. Aliikunja mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza ya keki uliokuwa ukiyumba tangu asubuhi.

“Sasa imetulia,” akasema, akajikatia kipande kingine.

Jana Jumapili tulikwenda msituni kwa baiskeli kuchuma majani ya kitunguu saumu mwitu. Njia ilikuwa tope tupu, msitu mzima unanuka kama jikoni, ndege wanapigana mafumbo. Kwenye daraja alinipita, wala hakuningoja. Usiku tuliyala majani hayo kwa viazi na siagi hadi mkanda ukanibana.

Nisalimie sana mkaza mjomba Marisol, binamu Tilo na Antonia mdogo. Bwana Pohle naye anakusalimu. Bado anakusanya majani. Mama anasema uje majira yajayo ya kuchipua, naye atakuchezea kwa mkono wowote utakaouchagua.

Mungu awavushe salama katika baridi yenu, kama alivyotuvusha sisi katika yetu.

Mimi mpwa wako nikupendaye siku zote,
Wiebke