Stendi Alizochagua Nyambura

Jumamosi jioni, Naro Moru

Lakini huyu mke wangu! Bado namwona dukani kule Nanyuki, amepiga magoti na sketi yake nzuri, anapapasa stendi za jeki, vile vyuma vya kuegemezea gari lililoinuliwa, kwa kidole gumba kama mtu anayechagua viazi vya mbegu.

Muuzaji alitusukumia zile zinazong'aa. "Mama, hii inabeba hata lori."

"Lori si bwana yangu," Nyambura akamwambia. "Nionyeshe penye wameandika kilo."

Hapakuwa na maandishi. Akachukua zile nzito, za miguu mipana, zenye pini ya kuzifunga zisiteleze. Mimi ningenunua za kung'aa, najijua.

Nyumbani tuliegemeza pikapu juu ya stendi, kwenye saruji. Nyambura akaisukuma kwa nyonga, kwa nguvu. Haikutikisika. "Sasa ingia chini," akasema, akaenda zake jikoni.

Hilo liliniudhi kidogo. Siku zote nikilala chini ya gari, tukiwa tumeiweka juu ya mawe ya kujengea kama kila mtu hapa, yeye husimama karibu na miguu yangu. Nikiomba spana, ananipa. Leo niliita mpaka nikachoka, nikatoka kuichukua mwenyewe.

"Leo umeniacha," nikamwambia.

Aliendelea kumenya viazi. "Wakati wa mawe nilikuwa nasimama hapo nikuvute, gari ikianguka. Leo iko na stendi."

Na mimi, miaka yote hiyo, nilidhani anasimamia spana.