Mitungi Mitatu Chini ya Taa

Garissa, Alhamisi mchana

Dada Mwanaisha,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Namuomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mguu wa Mama uwe umeacha kuvimba. Huku ni wazima, ila bega langu la kushoto, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Simu yangu ilivunjika juzi, kwa hivyo usinune kwamba sipatikani. Barua anakuletea dereva wetu, anashuka Mombasa kesho. Isome yote kabla hujamwambia Mama lolote.

Unajua tumekuja kupiga filamu, na kazi yangu ni ileile: taa, stendi na nyaya. Siku ya kupakia lori Nairobi, mifuko yangu ya mchanga, ile ya kukandamizia miguu ya stendi, ilishushwa ili makochi ya kuigizia yaenee. Nikapiga kelele. Meneja wetu, Bwana Kimani, akanicheka: "Salim, unabeba mchanga kuupeleka Garissa?" Kila mtu akaangua kicheko. Lakini dada, nilikuwa nabeba mifuko! Mchanga wa huku ningeufunga na nini, na leso?

Basi nikatumia akili. Tulipo ni nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Dadaab, uwanda mtupu na upepo. Maji lita moja ni kilo moja. Mtungi wa lita ishirini ni kilo ishirini. Kila mguu wa stendi nikaufungia mtungi mmoja kwa kamba, jumla kilo sitini. Stendi ina mita nne, juu yake taa, na mbele ya taa kitambaa cheupe cha kulainisha mwanga, ambacho upepo ukikipata hujaa kama shuka kwenye kamba. Niliisukuma Jumanne asubuhi, haikutikisika. Nikamwambia Bwana Kimani kwa kinywa changu: hii haianguki.

Chini yake hukaa Ayeeyo Halima. Ayeeyo ndiyo bibi kwa Kisomali, na kila mtu anamwita hivyo. Ni mwenyeji wa hapa, anaigiza bibi yake bi harusi, na ulimi wake ni wembe. Kila akiniona: "Wewe mtu ya Mombasa, hii taa yako inataka kupika mimi?"

Jumanne tulisimamisha kazi kwa Alasiri. Mimi nilitawadha kwenye tangi nyuma ya lori. Tuliporudi, Ayeeyo alikuwa tayari mkekani na kamera inamngoja. Sikuisukuma stendi tena. Niisukume ya nini? Niliipima asubuhi.

Mara kisulisuli kikatoka upande wa barabarani, chembamba, kimejaa vumbi. Wenyeji walijifunika nyuso tu, wamekizoea. Mimi nikaona mguu wa nyuma wa stendi unanyanyuka. Dada, kilo ishirini hazinyanyuki hivyo! Ukatua, ukanyanyuka tena, na mtungi ukalala ubavu, ukalia kama debe tupu. Nikapiga ukelele, "Ayeeyo, toka!" Yeye akainua uso anitazame. Nikajitupa nikaikinga stendi kwa bega. Abdi Noor, mlinzi wa vifaa, akamvuta bibi kwa ushungi wake. Taa ikatua palepale goti lake lilipokuwa, juu ya simu iliyonichomoka mfukoni.

Bwana Kimani akauliza, "Nani ameiba maji?"

Hakuna aliyeiba. Wanaume walitawadha kwa maji yale. Mama mmoja aliyepita na gari la punda akawaombea wanawe maji, Abdi akampa. Mitungi imesimama kivulini, imejaa maji, katika nchi hii, nami nikaiita uzito! Tena mtoto wa Kiislamu, mwenye kujua Alasiri ikifika watu watatafuta maji.

Bwana Kimani akataka Abdi afukuzwe, na mimi niseme mbele ya wote kwamba nilimwagiza ailinde mitungi. Nilimwagiza alinde nyaya tu. Akaninong'oneza, "Ni yeye au ni wewe." Abdi ana watoto watano. Nikanyamaza, nisikufiche.

Ayeeyo hakunyamaza. "Abdi, mtu akikuomba maji, unafanya nini?"

"Nampa, Ayeeyo."

"Haya. Na wewe, mtu ya Mombasa, nani alikwambia funga taa na maji?"

Nikasema. Mifuko iliachwa Nairobi, wazo la maji ni langu, na Abdi hakuambiwa kitu. Abdi amebaki. Mimi nimepewa mpaka Jumatatu: niwe na mifuko ya maana au nipande basi.

Kwa sasa mimi na Abdi tumejaza magunia ya mchele kwa mchanga wa lagga, yaani mto mkavu wa huku, lakini jua linayachana na mchanga unavuja. Stendi nimeishusha mpaka mita mbili na kitambaa nimekitoa. Bwana Kimani analalamika picha ni mbaya. Na iwe mbaya.

Dada, cherehani yako. Nishonee mifuko sita ya turubai nzito, ile ya kufunikia malori. Kila mmoja uwe na vyumba viwili vilivyoungana katikati, ukalie mguu wa stendi kama mzigo wa punda, huku na huku. Kila chumba kibebe kilo kumi. Mshono mara mbili, kwenye mpini mara tatu. Usitie mchanga! Dereva anarudi Jumapili asubuhi. Najua utasema nirudi nishike duka la mjomba. Nimeanzia kushika balbu za harusi za watu mpaka hapa, na hakuna aliyenivuta mkono. Sirudi kwa sababu ya turubai.

Msalimie Mama, na shemeji. Fundi wa redio pale kona, aliyenifunza waya moto na waya baridi, mwambie bado sijapigwa na umeme.

Nikwambie na hili. Tangu jana, Ayeeyo kabla hajakaa hulipiga gunia langu teke kwa ndala, kisha humuuliza Abdi, "Hii nayo inanyweka?" Abdi hucheka. Bibi hacheki. Anaitazama stendi kutoka chini hadi juu, halafu anauvuta mkeka wake mpaka mahali ambapo taa ikianguka haitamfikia. Nimepima kwa futi. Hesabu yake ni sawa kabisa.

Shona, dada. Nataka mkeka aurudishe mwenyewe.

Mdogo wako wa bega moja,
Salim