Barabara Iliyopita Juu ya Mama

Kwako yaya, kaka yangu mkubwa,

Wanaotoka Jadotville wananiambia umenenepa, una baiskeli mpya, na mzungu wako mpimaji hawezi kuchora njia bila wewe. Sawa. Barua hii sikuifunga. Kila atakayeipitisha mkononi na aisome. Nakuandikia kwa sababu mvua zimeanza, ni wakati wa kumpelekea mama unga, na sijui niumwage wapi.

Unakumbuka kichuguu chetu, kile kilichoipita nyumba kwa urefu, nyuma ya shamba la mtama? Mama alipanda maboga pale kwa kuwa udongo wa mchwa una rutuba. Ulikuwa ukinibeba mgongoni hadi juu, tunatazama moshi wa Élisabethville, nawe unaniahidi kwamba siku moja utapata kazi kule na kuninunulia viatu. Mama anatuita kutoka chini tushuke, tusimvunjie maboga, huku anacheka. Alipofariki tulimzika ubavuni mwa kichuguu hicho hicho, kama walivyozikwa wazazi wake. Msalaba hatukuweka. Kila mwaka, kabla ya kushika jembe, tulimwaga unga mweupe pale, mimi na wewe, tukimwambia kwamba bado tupo.

Kisha shimo la shaba likazidi kuchimbwa, na malori yenye mzigo yakashindwa kupanda njia ya zamani kwa ukali wa mlima. Ikatakiwa njia mpya, pana, inayoinuka polepole. Wewe ndiwe uliyeshika fito za mpimaji na kupigilia vigingi. Nilijivuna kwa kijiji kizima, tena mno. Asubuhi moja nikakuletea viazi vitamu, nikakukuta umesimama mbele ya kichuguu chetu, mzungu jicho lake kwenye chombo chake cha kupimia.

Hakuwa mtu mbaya yule, tuseme ukweli. Chini kidogo alikuwa amepindisha mstari ili kulikwepa kaburi la mzungu mwenzake, mtafuta madini wa zamani. Akakuuliza kama na hapa kuna kaburi.

"Hapana, bwana," ukamjibu. "Malalo hakuna. Iko kichuguu tu."

Kiswahili nilikuwa nakisikia, kukisema bado, basi nikakuuliza kwa Kilamba, lugha yetu ya nyumbani: na mama je? Mzungu akataka kujua nimesema nini. Hukunitazama hata kidogo.

"Anakusalimia, bwana."

Akavua kofia, akaitikia salamu yangu. Nawe ukapigilia kigingi.

Baadaye nilikwenda kwa masista kujifunza kusema Kiswahili na kuandika, ili asiwepo tena mtu wa kunitafsiria. Lakini jioni ya siku ile ya kigingi nilikuuliza kwa nini. Ulikuwa umebatizwa karibuni, rozari mpya shingoni. Uliniambia kwa Kiswahili chako cha kazini, "Kama nilisema mama iko mu kichuguu, bangetucheka. Bangesema tuko basenji." Washenzi, eti! Nani angetucheka, yaya? Yule aliyekwisha kupindisha njia mara moja, na alikuwa anakuuliza kama aipinde tena? Wanasema damu nzito kuliko maji. Yako sijui ilitiwa maji lini.

Na unajua walichofanya, maana ulikuwepo. Udongo wa kichuguu ukishindiliwa hauvunjiki upesi, wala lori halizami. Basi hawakukipita tu. Walikibomoa chote, wakakipakia, wakakitandaza kwenye barabara toka njia panda mpaka shimoni. Baba aliacha kula maboga, mpaka leo.

Viatu ulivyoahidi ulinitumia, ahsante, vinanitosha. Nikienda kambini kwa wafanyakazi wa shimo kuuza mboga navivaa mpaka njia panda, kisha navivua na kuvibeba mkononi. Wanawake wenzangu wananitania, eti naogopa kuvichakaza. Nawaacha wacheke. Nina hasira nawe, yaya, na hasira hiyo haipoi, kwa sababu kila siku napita juu ya mama.

Siku ukija, mwambie dereva wa lori akushushe njia panda. Vua viatu vyako. Beba unga wako, umwage kidogo kidogo mpaka shimoni, usiruke mahali, maana hatujui tena mama yuko wapi.

Safari hii nakusalimia kweli.

Mdogo wako, wa tumbo moja