Eliya, Usilete Mkono Huo Smithfield

Mwanangu Eliya,

Nimekasirika, na sitaki uanze kusoma ukidhani hii ni barua ya pole. Pole umeshapewa na kila mtu. Nakuandikia wazi, kwenye ukurasa wa jumuiya yetu, ili isomwe na wote waliokula mbuzi wako hapa mtaani kwetu Doonside kabla hujapata kazi. Naandika kwa Kiswahili, na najua utasoma polepole huku midomo ikitembea. Soma hivyo hivyo. Kiingereza changu kinatosha kuongea na supavaiza, hakitoshi kukasirika.

Niwaambie kwanza wasomaji jambo lilivyo, maana wengi walishangilia bila kujua wanashangilia nini. Wewe ni mrushaji wa besiboli, tena mrushaji wa akiba. Huanzi mchezo. Unakaa pembeni na wenzako, mnangoja yule aliyeanza achoke au aharibu, ndipo uitwe kuzima moto. Mwaka huu timu yako huko Marekani ilikuita kwenye kambi ya mazoezi pamoja na wakubwa wa ligi kuu. Kambi hiyo ni majaribio. Ikiisha, wachache wanabaki na timu kubwa, wengine wanarudishwa ligi za chini. Kuitwa huko si kuajiriwa. Nililisema hilo siku ya kwanza, na mjomba wako Feruzi akanicheka mbele ya watu.

"Shemeji, una moyo wa jiwe," alisema. "Mtoto amefika, wewe bado unamtafutia njia!"

Jumapili iliyofuata akasimama kanisani akatangaza kwamba Mrundi wa kwanza ameingia ligi kuu. Wanawake wakapiga vigelegele. Mbuzi akachinjwa. Mimi nikasimamishwa mbele kama bwana harusi, nikashikwa mkono na watu ambao hawajui mpira wenu ni wa mviringo au wa mraba. Mama yako alicheza mpaka viatu vikamtoka. Sikumlaumu. Nilimtazama tu nikaogopa, kwa sababu tulishawahi kucheza hivyo.

Wewe ulikuwa mgongoni mwake, huwezi kukumbuka. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, jina la familia likibandikwa ubaoni kwamba mmeitwa kwenye usaili wa kwenda ng'ambo, majirani huja kucheza mlangoni, na nyinyi huanza kugawa vitu. Ndiyo ilikuwa desturi. Anayeondoka hafungi sufuria. Tuligawa sufuria, jembe, ndoo, hata kitanda nilichokigonga mwenyewe. Kisha usaili ukaahirishwa, halafu ukaahirishwa tena, tukabaki palepale tukilala chini. Mama yako alikuwa akienda kuazima sufuria yake mwenyewe kwa mwanamke tuliyempa. Yule mwanamke alimwambia, "Uirudishe ikiwa safi."

Tulikuja kuondoka baadaye, ndiyo, tukafika huku Doonside. Lakini tangu hapo nikijulishwa kwamba nimeitwa, mimi huuliza kwanza: nimeitwa, au nimechukuliwa?

Mpira wenyewe sikuuelewa kwa muda mrefu. Mwalimu wako wa shule alikuja nyumbani akaniambia mkono wako si wa kawaida, nami nikadhani una ugonjwa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Baadaye ukaniburuta kwenye ule uwanja wa nyasi karibu na stesheni, ukanivalisha glovu, ukanirudisha nyuma, nyuma, nyuma. Nilivaa buti zangu za kazi zenye chuma puani, kwa sababu niliona jinsi ulivyotoboa uzio wa nyuma. Mpira wa kwanza sikuuona. Niliusikia.

"Baba, usifumbe macho!"

"Sifumbi! Macho yenyewe yanajifumba!"

Kesho yake kiganja kilivimba, nikashindwa kushika boksi vizuri, na supavaiza akaniuliza nimepigana na nani. Nilimwambia, na mwanangu. Sikuwahi kuwa na fahari kama ile. Kila nilipopata nafasi nilirudi tena pale uwanjani kufumba macho.

Sasa nije kwenye hasira yangu.

Kazi yangu unaijua. Makontena yanatoka bandarini Port Botany, yanaletwa kwenye ghala letu Smithfield, na sisi tunaingia ndani yake na kupakua kwa mikono. Matairi, majokofu, vigae. Ndani ya kontena la kiangazi hupumui, unameza moto. Nimeajiriwa na wakala, si na ghala. Kila jioni natazama simu: kesho njoo, au kesho usije. Siku makontena yakiwa machache, tunaorudishwa nyumbani ni sisi wa wakala. Si kwa sababu tunafanya kazi mbaya. Kuna mmoja wa kudumu pale anashinda chooni na simu yake, wala hagusi kitu. Yeye anabaki, kwa sababu kumrudisha kuna gharama. Kunirudisha mimi ni bure.

Unaona ninakoelekea.

Asubuhi ile uliyoingia mchezoni, sisi tulikuwa kwenye mapumziko ya saa tatu. Huko kwenu ilikuwa alasiri. Simu niliiegemeza kwenye chupa ya sosi, na Papa Dieudo, yule Mkongomani tunayepakua naye, akaweka kidevu begani kwangu. Mwenzako alikuwa ameharibu. Wapinzani wamejaa kwenye vituo vyote vitatu, ametolewa mmoja tu kati ya watatu wanaotakiwa kutolewa, na wewe unatembea kutoka pembeni, unatafuna kitu. Mpigaji wa kwanza alipiga hewa mara tatu akaondoka. Wa pili alipiga hewa mara tatu, akavunja gongo lake gotini kwa hasira.

"Papa!" Dieudo alipiga kelele. "Mtoto anatupa risasi! Na wewe baba yake unatupa nini?"

"Matairi," nikamjibu.

"Basi kesho usije, tajiri! Tuachie matairi yetu!"

Chumba kizima kilicheka, hata wale Wavietinamu ambao huwa hawatusemeshi. Nilirudi kwenye kontena nikafanya kazi kama kijana.

Sikufichi kwamba nimeona na zile siku nyingine. Niliona ulipompa mtu kituo cha bure kwa kurusha mipira minne nje, kisha ukampa na anayefuata. Ukikosa mara moja, bega lako linapanda kama unabeba gunia. Hilo ni kosa lako, lirekebishe. Lakini yule mkongwe mliyekuwa mnashindania naye nafasi moja, nilimwona naye. Wapigaji waliipiga mipira yake kila alipoingia, kama mtu anayekung'uta zulia. Kambi ikaisha. Yeye akabaki na timu kubwa, wewe ukateremshwa.

Ulinieleza sababu kwenye simu kwa sauti ya upole, kama unamsomea mzee dawa zake. Wewe bado uko kwenye miaka ambayo timu inaweza kukuteremsha na kukupandisha itakavyo, na unabaki kuwa wao. Yeye miaka hiyo imemwisha. Wakimteremsha, timu nyingine inaweza kumchukua. Basi wamembakiza wasije wakampoteza. Wewe umeteremshwa kwa sababu hupotei.

Halafu ukasema, "Ni sawa, Baba. Ni biashara tu. Wamenitendea vizuri. Niliwaambia asante."

Asante! Nilikata simu, ndiyo, ni mimi niliyekata, mtandao ulikuwa mzima. Nimerudishwa nyumbani na wakala mara nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, na sijawahi kumshukuru aliyenirudisha. Nimekaa kimya, ndiyo, kwa sababu kesho nitahitaji kuitwa tena. Kukaa kimya ni kitu kimoja. Lakini kuamini kwamba ni sawa, hilo sikukufundisha, wala mama yako hakukufundisha. Lugha hiyo umeiokota wapi?

Ulipopiga tena ulizungumza na mama yako, ukamwambia kwamba umechoka na mabasi ya ligi za chini, kwamba labda urudi, na kwamba Baba akuulizie kazi Smithfield. Alipokuja kuniambia nilikuwa nakula. Nilisukuma sahani.

Sikiliza. Smithfield sitakuulizia. Ukija na begi lako nitakufungulia mlango, kwa sababu mama yako ataniua nisipofanya hivyo, utakula na utalala. Asubuhi sitakuamsha. Sitakupeleka kwenye lile kontena na mkono huo. Mgongo wangu uliishia mle, na huo ulikuwa mgongo wa kawaida, wapo wengi kama huo. Unadhani ni kwa nini nilikuwa nakubali kila shifti? Ili uje tushike boksi moja, wewe huku na mimi huku?

Na kama umechoka kweli, ukatafuta shule, au ufundi, au ukaenda kulea wazee kama mama yako, nitakuelewa. Lakini njoo na uamuzi. Usije kwa sababu watu wamekuambia ni sawa ukakosa cha kuwajibu.

Umeniuliza nafasi yako ikoje, na wote hapa wanakuambia Mungu ni mwema. Mimi nakuambia ni ndogo. Wako vijana wengi wenye mkono kama wako, na kila mwaka wanaletwa wengine. Ila nimefuatilia mchezo huu wenu kiasi cha kujua kwamba warushaji wa akiba wanachakaa. Kiwiko, bega, akili. Hakuna timu inayomaliza msimu na wale wale walioanza nao. Baridi ikifika huku kwetu, katikati ya msimu wenu, yule mkongwe atakuwa amepigwa vya kutosha, nao watatazama chini kutafuta nani anarusha. Wakikukuta unarusha, utapanda. Wakikukuta unashukuru, watampita mtu mwenye shukrani waende kwa mwingine. Huo ndio mtaji wote ulio nao. Si mkubwa, lakini si hewa.

Jana ilikuwa Jumapili. Feruzi hakuniangalia machoni. Wale wale waliokushangilia walikuwa wakinipita kama nimefiwa, wakisema pole kwa sauti ya chini. Mchungaji akatuomba tusimame tumshukuru Mungu kwa yote, hata kwa hili la Eliya. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Baba Eliya, una neno?"

Nikasema, "Mchungaji, mwanangu hajashindwa. Amerusha vizuri, wamemteremsha kwa sababu wanaweza. Hata sisi tunafanyiwa hivyo kila wiki, humu ndani kila mmoja anajua. Mimi Mungu namshukuru kwa mengi. Kwa hili hapana."

Kisha kijana mmoja nyuma, anayeendesha foklifti, akasema, "Kweli." Mwanamke anayelea wazee pamoja na mama yako akasema, "Kweli kabisa." Feruzi akainamisha kichwa. Mchungaji akafunga Biblia, akasema basi leo tuombe bila kushukuru, tuombe tu. Akaomba. Kanisa likaitikia amina, mimi mdomo nimeufunga, na mama yako pembeni yangu, aliyecheza mpaka viatu vikamtoka, naye kaufunga.

Mpigie mama yako. Ongea naye Kiswahili, hata ukikosea. Halafu nenda kwenye basi lenu, na siku watakayokupa mpira, urushe kama mtu aliyedhulumiwa, maana umedhulumiwa.

Baba yako, ambaye amina yake ameizuia mpaka utakapopanda