Mzee Kipyegon Aliyelala Barabarani Kimulot

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu wakupige marungu pale kituo cha kupimia majani ya chai, mchana kweupe, majirani zako wenyewe. Wengine huandika kwamba mpendwa wao aliwaacha ghafla. Sisi hatutaandika hivyo. Wewe uliuawa.

Ulikuwa karani wa mizani miaka kumi na tisa. Kila mama aliyetua kikapu ulimsalimia kwa jina, ukamwuliza na habari za ng'ombe wake. Chai yako ilitaka maziwa mpaka Mama akalalamika kwamba unamnyang'anya ndama. Na ulipenda kujisifu, wacha tuseme ukweli. Konoin nzima ilijua hakuna msichana anayechuma kumshinda binti yako Cherotich.

Basi alipokuja yule wakala mpole, Biblia kwapani, akitafuta wasichana wa mikono myepesi wa kufanya kazi hotelini ng'ambo, ulimtaja Cherotich kabla hajamaliza kuuliza. Sote tulifurahi. Kuchaguliwa kulikuwa sifa! Ukachinja kondoo, ukambebea begi mpaka kwenye gari.

Alirudi baada ya miaka miwili. Hapakuwa na hoteli yoyote. Walimnyang'anya pasipoti, wakamfungia katika nyumba ya watu, wakamvunja mkono, na siku aliyounguza shati wakamlaza kifudifudi wakamchoma mgongo wote kwa pasi. Mwezi mzima hakusema nawe. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Wewe ndiye ulinibebea begi."

Tangu siku ile, kila siku ya kupima majani, ulipanda juu ya jukwaa la mizani ukawaambia watu, "Mimi ndiye nilimtoa msichana wangu. Msirudie ujinga wangu." Walikucheka. Wakasema una wivu, eti wako alishindwa na kazi ndiyo maana hutaki wa wenzako waende.

Machi mwaka jana wakala akatuma pikapu. Wasichana sita walikuwa wamepanda tayari, Winny, binti wa jirani yetu Bethwel, akiwa mmoja wao. Wewe ukalala mbele ya magurudumu, ukashika bampa kwa mikono miwili. Bethwel, mliyetahiriwa naye mwaka mmoja, alikwambia uondoke, usiharibu bahati ya watoto. Ulikataa. Yeye ndiye aliyepiga kwanza.

Wakaja wengine. Walikuvunja vidole hapo hapo kwenye bampa, kimoja kimoja, na hukuachilia. Wakakuvunja taya. Damu ikaingia kwenye majani ya watu yaliyosubiri lori.

Cherotich alitoka shambani mbio, akakulalia, akavua blauzi mbele ya wanaume wale wote, akawapa mgongo wake wautazame. Wakayashusha marungu yao chini. Wasichana wakaruka chini mmoja baada ya mwingine, na dereva akatoroka. Ulikata roho kabla hatujafika hospitali.

Wakala hajakamatwa mpaka leo. Wazazi mnaosoma hapa, akija mtu kuwasifia msichana wenu, mwulizeni anampeleka kwa nani, na nani atamrudisha. Asiposema, mfukuzeni. Cherotich amelihubiri hilo Sosiot, amefika hata Sigowet, na wasichana wawili waliorudi kutoka ng'ambo na majeraha wanalala sasa katika chumba chako. Usiku wanapiga kelele. Mama huamka akawapashia maziwa.

Unakumbukwa na mke wako Tapnyolei, watoto wako Kiplimo, Cherotich na Nicholas, wajukuu, na ukoo wote wa Kimulot.

Pia Winny wa Bethwel, ambaye baba yake yuko jela kwa kukuua. Alikuja kwetu wiki jana akaomba jina lake liandikwe pamoja na yetu. Mama alikataa mara mbili. Cherotich akachukua kalamu, akaliandika mwenyewe.

Hatutakusahau kamwe, Baba.